Pengwini wa Ikweta: Ndege mdogo ambaye uhai wake umo mikononi mwa El Nino

NENO pengwini linapotajwa, picha inayowajia wengi akilini ni ya ndege mweusi kwa mweupe aliyesimama wima juu ya barafu, upepo mkali ukimvumia na theluji ikimwangukia. Filamu na vitabu vya shule vimetuzoesha picha hiyo kiasi kwamba ni wachache wanaoweza kusadiki kuwa yupo pengwini anayezaliwa, kukua na kuzeeka kwenye Ikweta, chini ya jua la utosi.

Ndege huyo ni pengwini wa Galapagos. Anaishi kwenye mstari uleule wa Ikweta unaopita humu nchini katika miji ya Nanyuki na Maseno, ambako wasafiri husimama kupigwa picha kando ya vibao. Miongoni mwa aina zote za pengwini ulimwenguni, ambazo ni takribani 18, ni yeye pekee anayepatikana upande wa kaskazini wa mstari huo katika mazingira yake ya asili.

Amewezaje kiumbe wa jamii ya baridi kuishi mahali kama hapo? Wengi hudhani kwamba amezoea joto kama ngamia alivyozoea jangwa. Ukweli ni kwamba joto bado ni adui yake mkubwa. Anaishi huko kwa sababu bahari humletea baridi na chakula hadi mlangoni pake, na bahari isipomletea, hufa njaa.

Linalomkatia riziki hiyo ni jambo ambalo Wakenya wanalijua vyema kwa jina lake, japo wengi wao hawajawahi kumwona pengwini. Nalo ni El Nino.

Umbo na ukoo wake

Pengwini wa Galapagos ana kimo cha takribani sentimita 50, hivyo akisimama kando ya mtu mzima humfikia magotini. Uzani wake ni kilo mbili hivi, kadiri ya kuku wa kienyeji aliyekomaa. Pengwini mkubwa kuliko wote, yule aishiye katika barafu za Antaktika, hupita kimo cha mita moja na huweza kufikisha uzani wa kilo 40. Aliye mdogo zaidi ya wote ni yule wa Australia na New Zealand, ambaye uzani wake ni kilo moja tu. Huyu wa Galapagos huhesabiwa miongoni mwa wanaomfuata kwa udogo.

Mgongo wake ni mweusi na tumbo lake ni jeupe. Mstari mwembamba mweupe huanzia jichoni, ukazunguka shavu na kuishia kidevuni. Sehemu ya uso wake haina manyoya, na kama tutakavyoona, upungufu huo una manufaa yake.

Ana ndugu watatu wa karibu. Wa kwanza yuko katika pwani za Afrika Kusini na Namibia, wa pili yuko Peru na Chile, na wa tatu yuko kusini mwa Chile na Argentina. Wote wanne hawaishi kwenye barafu, na wote hupaza sauti inayofanana na mlio wa punda.

Mnamo 1871, mwanasayansi wa Uswidi, Carl Jakob Sundevall, alimpa ndege huyu jina la kisayansi la Spheniscus mendiculus. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni ombaomba mdogo. Sundevall hakuwa na habari za El Nino, lakini jina alilolichagua limekuja kusadifu hali ya ndege huyu, ambaye daima husubiri bahari imkirimu.

Visiwa vya volkano

Visiwa vya Galapagos viko katika Bahari ya Pasifiki, umbali wa takribani kilomita 1,000 magharibi mwa Ecuador, taifa la Amerika Kusini linalovimiliki. Jina la nchi hiyo lenyewe ni neno la Kihispania lenye maana ya Ikweta. Visiwa hivyo viliumbwa na volkano zilizolipuka kutoka sakafu ya bahari, na baadhi yazo hulipuka hadi leo.

Ulimwengu ulivijua zaidi kutokana na Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyevizuru mwaka 1835. Aliyoyaona huko yalichangia nadharia yake kuhusu namna viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi. Mwaka 1978, visiwa hivyo viliingizwa katika orodha ya kwanza kabisa ya Turathi za Dunia za UNESCO.

Hata hivyo, pengwini hawakutawanyika sawasawa katika visiwa vyote. Takribani tisa kati ya kila kumi huishi katika visiwa viwili vya magharibi, yaani Isabela, ambacho ndicho kikubwa zaidi, na Fernandina. Wachache waliosalia huonekana Santiago, Bartolomé, Floreana na pwani ya Santa Cruz. Ncha ya kaskazini ya Isabela hukatwa na mstari wa Ikweta, na hapo ndipo baadhi yao huvuka na kuingia nusu ya kaskazini ya dunia.

Kwa nini wakapendelea magharibi? Ili kulijibu swali hilo, inatubidi tuache nchi kavu na kutazama yanayotendeka chini ya bahari.

Baridi itokayo kilindini

Katika miaka ya kawaida, pepo za Pasifiki huvuma kutoka mashariki kuelekea magharibi na kuyasukuma maji ya juu ya bahari kufuata mwelekeo huo. Lakini takribani mita 100 chini ya maji hayo, pana mkondo mwingine mkubwa unaokwenda kinyume, yaani kutoka magharibi kuelekea mashariki, ukifuata Ikweta kama mto uliofichika. Mkondo huo uligunduliwa mwaka 1952 na mtaalamu wa bahari wa Marekani, Townsend Cromwell, nao huitwa kwa jina lake.

Mkondo wa Cromwell husafiri maelfu ya kilomita bila kukutana na kizuizi, hadi unapovigonga visiwa vya Isabela na Fernandina. Ukishagonga hapo, maji yake baridi hulazimika kupanda juu. Ndiyo maana katika msimu wa baridi wa visiwa hivyo, kati ya Juni na Desemba, maji ya upande wa magharibi huweza kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali hapo ni Ikweta.

Fauka ya hayo, mkondo wa pili uitwao Humboldt hutoka kusini, ukipitia pwani za Chile na Peru, na kuongeza maji baridi katika eneo hilo.

Umuhimu wa maji hayo hauko katika ubaridi peke yake. Maji yatokayo kilindini huja na virutubishi ambavyo vimekuwa vikizama na kurundikana huko chini. Vinapofika juu na kupata mwanga wa jua, mimea midogo isiyoonekana kwa macho huota kwa wingi. Wadudu wadogo wa majini huila mimea hiyo, samaki wa jamii ya dagaa huwala wadudu hao, na pengwini huwala dagaa.

Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wana mfano wa karibu. Kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, nayo maji baridi yenye rutuba huibuka kutoka chini na kuwavutia samaki. Tofauti ni kwamba wavuvi na samaki wengi wanaweza kuhama msimu ukibadilika. Pengwini wa Galapagos hana pa kwenda.

Ndege huyu hawindi mbali na nyumbani. Watafiti waliowafungia vifaa vya kupimia wamebaini kwamba sehemu kubwa ya mbizi zao haizidi kina cha mita sita, na kwamba wanapolea makinda huwinda karibu sana na ufuo. Kwa hiyo chakula kisipokuja kando ya ufuo huo, kwao ni kama hakipo.

Anavyolikabili jua

Maji yakiwa baridi, nchi kavu ni jambo lingine. Joto la hewa mchana huweza kuzidi nyuzi 30, na miamba myeusi ya volkano hufyonza jua hadi ikaweza kuunguza nyayo. Pengwini, aliyeumbwa na manyoya mazito na mafuta chini ya ngozi ili ahimili maji baridi, hujikuta amevaa koti zito mahali ambapo angefaa kuvaa shati.

Dawa yake ya kwanza ni kukaa baharini. Asubuhi huingia majini kuwinda na mara nyingi hurejea ufuoni jua likipunga.

Anapolazimika kubaki nchi kavu, hutanua mabawa yake na kuyaweka mbali na mwili ili upepo upite na joto litoke. Huinama mbele kidogo ili kivuli cha mabawa na mwili kiikinge miguu yake, ambayo haina manyoya na hivyo huungua kwa wepesi. Damu nyingi huelekezwa mabawani, miguuni na kwenye ile ngozi tupu ya uso, ambako joto hupotea kwa haraka. Hatimaye hutweta mdomo wazi kama mbwa aliyekimbia sana.

Kuhusu makazi, ndege huyu hutaga katika mapango, nyufa na mashimo yaliyoachwa na uji wa volkano ulipoganda, mahali ambapo jua halifiki. Mayai au kinda wakiachwa juani hata kwa muda mfupi, hawaponi. Hivyo basi, tundu lenye kivuli ni rasilmali kubwa, na matundu mazuri hayatoshi.

Uzazi usio na msimu

Pengwini wengi wana majira maalumu ya kuzaliana, nao huyafuata kama mkulima anavyofuata mvua ya masika. Pengwini wa Galapagos hana majira ya hakika. Huzaliana wakati wowote wa mwaka bahari inapotoa chakula, na neema ikizidi huweza kutaga hadi mara tatu katika kipindi cha mwaka mmoja na ushei.

Jike hutaga mayai mawili. Mume na mke, ambao kwa kawaida hudumu pamoja, hupokezana zamu ya kuatamia kwa siku 40 hivi. Mmoja akiwa tunduni, mwenzake yuko baharini. Makinda huondoka tunduni wakiwa na umri wa takribani miezi miwili.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni namna anavyobadilisha manyoya. Pengwini wote hunyonyoka manyoya ya zamani na kuota mapya, na katika muda huo hawawezi kuwinda kwa sababu maji huwapenya hadi mwilini. Wengi hufanya hivyo mara moja kwa mwaka, baada ya kumaliza kulea. Huyu wa Galapagos hufanya hivyo kabla ya kutaga, na huweza kurudia mara mbili kwa mwaka.

Hekima yake ni nini? Kunyonyoka ni mfungo wa takribani majuma mawili, na mfungo huo unahitaji mwili ulioshiba. Ndege asiyejua kesho bahari itakuwaje hufanya kwanza lile linalookoa maisha yake, akiwa bado ana akiba, ndipo awaze kupata watoto. Chakula kikiadimika baada ya kutaga, wazazi huyatelekeza mayai au makinda na kurudi baharini kujiokoa. Huo waweza kuonekana ukatili, lakini mzazi aliyesalimika atataga tena, ilhali mzazi aliyekufa tunduni hufa pamoja na makinda yake.

Kinyume chake, neema ikiwepo wazazi hawa ni wakarimu kupita kiasi. Mwaka 2017, watafiti walitangaza kwamba wamewaona wakiendelea kuwalisha watoto ambao tayari wameondoka tunduni na wanaoweza kuogelea wenyewe, jambo ambalo ni nadra miongoni mwa pengwini.

El Nino inapobisha hodi

Jina El Nino lilitoka kwa wavuvi wa Peru. Waliona kwamba katika miaka fulani, karibu na Krismasi, maji yao hupata joto na samaki hupotea. Wakakiita kipindi hicho kwa neno la Kihispania linalomaanisha mtoto wa kiume, kwa kumkumbuka mtoto Yesu.

Kinachotokea ni kwamba zile pepo za kutoka mashariki hulegea. Maji ya moto yaliyokuwa yamerundikana magharibi mwa Pasifiki hurudi mashariki na kutanda juu ya bahari kama blanketi. Mkondo wa Cromwell hudhoofika, na hata maji ya chini yakipanda, hayana tena ubaridi wala rutuba. Mimea midogo hupungua, dagaa hutoweka, na pengwini hurudi ufuoni na matumbo matupu.

El Nino ya 1982 na 1983 ilikuwa na makali yasiyokuwa yameshuhudiwa kwa miaka mingi. Ilipokwisha, hesabu ilionyesha kwamba idadi ya pengwini wa Galapagos ilikuwa imepungua kwa takribani asilimia 77. Yaani katika kila ndege wanne, watatu hawakuwepo tena.

Waliosalia walianza kuongezeka polepole. Kabla hawajarejea idadi yao ya awali, El Nino nyingine kali ikatokea mnamo 1997 na 1998, nayo ikawapunguza kwa takribani asilimia 65.

Huko ndiko kiini cha tatizo kilipo. El Nino si jambo jipya, na ndege huyu ameishi nayo kwa maelfu ya miaka. Maumbile yake yamemwandaa kustahimili kipindi kibaya kisha kuzaana kwa kasi neema inaporejea. Asichoweza kustahimili ni vipindi vibaya vinavyofuatana bila kumpa nafasi ya kupumua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba, kwa mwendo wa El Nino kama ulioshuhudiwa katika miongo iliyotangulia, uwezekano wa ndege hawa kuangamia kabisa katika muda wa miaka 100 ulikuwa asilimia 30.

Maji hayohayo, maafa mawili

Msomaji mwenye umri wa kutosha hatakosa kuikumbuka El Nino hiyo ya 1997. Mvua ilianza kunyesha humu nchini mwezi wa Oktoba na ikaendelea hadi mwanzoni mwa 1998. Mito ilivunja kingo zake, madaraja yalisombwa, na barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa ilikatika. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Kaskazini Mashariki, ikaua watu na mifugo. Mwaka 1998 huohuo, joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika pwani yetu.

Hivyo, wakati familia za Garissa na Tana River zilipokuwa zikikimbilia miinuko kuyahepa maji, pengwini wa Isabela walikuwa wakifa njaa kwa sababu ya badiliko lilelile la Pasifiki.

Ni kweli kwamba si kila El Nino huleta gharika Kenya. Hali ya Bahari ya Hindi pia ina usemi wake. Upande wa magharibi wa bahari hiyo, ambao ndio ulio karibu nasi, unapopata joto wakati mmoja na Pasifiki, mvua huzidi. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na ndivyo ilivyokuwa tena mwishoni mwa 2023, mafuriko yalipoua zaidi ya watu mia moja nchini. Mwaka 2015, licha ya El Nino kuwa kali huko Pasifiki, mvua iliyonyesha hapa haikufikia kiwango kilichohofiwa.

Ndiyo maana wanasayansi humtazama ndege huyu kwa makini. Profesa Dee Boersma wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, aliyeanza kuwachunguza pengwini hawa mwanzoni mwa miaka ya sabini, alionyesha mapema kwamba kuzaana kwao huakisi hali ya bahari. Wakitaga kwa wingi, bahari ina baridi na chakula. Wakiyaacha mayai, kuna jambo linalobadilika majini.

Maadui wengine

Lau kama El Nino ingekuwa adui wa pekee, huenda ndege hawa wangekuwa na matumaini makubwa zaidi. Binadamu aliwaongezea wengine.

Mabaharia na walowezi waliofika visiwani humo walikuja na paka, mbwa na panya. Kwa karne nyingi pengwini hawakuwa na adui mkubwa wa nchi kavu, hivyo hawakujifunza kumhofu mnyama mwenye miguu minne. Panya hula mayai na makinda. Paka huweza kumuua hata ndege mzima, na paka mmoja aliyezoea kuwawinda huleta hasara kubwa katika kundi dogo.

Adui mwingine ni mbu. Mbu wa aina ya Culex, yuleyule anayeeneza matende katika pwani yetu, aligunduliwa Galapagos katika miaka ya themanini. Mbu huyo hubeba malaria ya ndege, ambayo ni tofauti na malaria ya binadamu. Mwaka 2009, watafiti walitangaza kwamba wamepata vimelea vya ugonjwa wa jamii hiyo katika damu ya pengwini hawa. Hakuna vifo vya halaiki vilivyoonekana, lakini wataalamu hawajasahau kwamba malaria ya ndege ilichangia kuangamia kwa aina kadhaa za ndege katika visiwa vya Hawaii.

Isitoshe, baadhi ya pengwini hunaswa katika nyavu za wavuvi, nayo hatari ya mafuta kumwagika baharini ipo daima. Januari 2001, meli ya mafuta iitwayo Jessica ilikwama karibu na kisiwa cha San Cristóbal na kumwaga shehena yake. Bahati ni kwamba kisiwa hicho kiko mashariki, mbali na makazi makuu ya pengwini.

Juhudi za kuwanusuru

Serikali ya Ecuador ilitangaza Galapagos kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1959. Mwaka 1998 maji yanayovizunguka visiwa hivyo yakafanywa hifadhi ya bahari, na mwaka 2022 eneo jingine la kilomita mraba 60,000 likaongezwa. Watalii hawaruhusiwi kuzurura katika maeneo ya hifadhi bila kiongozi, wala kuwakaribia wanyama kupita kiasi.

Wasimamizi wa hifadhi huwasaka paka na panya karibu na mahali pa kutagia. Aidha, mwaka 2010, Profesa Boersma na wenzake walijenga matundu 120 kwa kupanga mawe ya volkano, ili ndege wapate mahali penye kivuli pa kutagia. Pengwini waliyakubali na kutaga humo. Fikra ya mradi huo ni nyepesi kueleweka. Binadamu hawezi kuizuia El Nino, lakini anaweza kuhakikisha kwamba neema inaporejea, hakuna ndege anayeshindwa kutaga kwa kukosa tundu.

Hesabu ya mwaka 2020 ilitoa faraja kidogo. Pengwini waliohesabiwa walikuwa 1,940, ikilinganishwa na 1,451 wa mwaka uliotangulia. Mnandi wa Galapagos, ndege mwingine wa huko ambaye mabawa yake hayawezi kumpaisha, naye aliongezeka. Hata hivyo, pengwini huyu bado amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ndege elfu moja na ushei ni wachache mno, hasa wakikaa wote mahali pamoja.

Yapo pia mambo ambayo hayafuati matarajio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba tangu mapema miaka ya themanini, eneo la maji baridi magharibi mwa Galapagos lilikuwa limetanuka kuelekea kaskazini, hata dunia kwa jumla ilipokuwa ikizidi kupata joto. Watafiti walilihusisha jambo hilo na kuongezeka kwa pengwini katika kipindi hicho. Kwa maneno mengine, mkondo wa Cromwell umewakinga kwa muda. Kinga hiyo itadumu ikiwa mkondo utadumu, na ikiwa El Nino kali hazitafuatana kwa karibu.

Funzo kutoka bara letu

Hatima ya ndugu yake wa Afrika inapasa kutufungua macho. Pengwini wa Afrika Kusini na Namibia alikuwa na idadi kubwa mno karne moja iliyopita. Mayai yake yalikusanywa na kuliwa, na mbolea ya vinyesi alimochimba matundu ikachotwa na kuuzwa. Mwaka 2000, meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town na mafuta yake yakawapaka pengwini wapatao 19,000, ambao ilibidi wasafishwe mmoja mmoja na watu waliojitolea.

Dhoruba zote hizo alizistahimili. Linalommaliza sasa ni kukosa dagaa, kutokana na uvuvi wa kibiashara na mabadiliko ya bahari. Oktoba 2024 alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, jozi zinazozaliana zikiwa zimepungua na kuwa chini ya 10,000. Machi 2025, Mahakama Kuu ya Pretoria iliidhinisha makubaliano ya kupiga marufuku uvuvi wa kibiashara wa dagaa karibu na makazi yao sita makuu.

Ndege hao wawili, mmoja wa Pasifiki na mwingine wa bara letu, wanatoa ushahidi mmoja. Pengwini wa nchi za joto haui na jua peke yake. Huuawa na bahari iliyoishiwa na chakula, iwe imeishiwa kwa sababu ya pepo zilizolegea au kwa sababu ya nyavu za wanadamu.

Huenda wengi wetu hatutawahi kufika Galapagos. Lakini bahari inayomlisha au kumnyima ndege huyo ndiyo hiyo inayochangia kuamua iwapo mvua ya vuli itakuwa baraka kwa mkulima wa Makueni au maafa kwa mkazi wa Budalang'i. Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa yule anayejua kutazama, pengwini anayeyaacha mayai yake kule Isabela ni wingu mojawapo.